Dadangu Hakufungwa, Ametawa

Kila nikienda Mikindani kumtembelea mamangu, sikosi kukutana na mtu wa kuniuliza habari za dadangu mdogo. Swali huwa ni moja ila huja kwa sura nyingi. "Bado amefungiwa kule?" "Alikosana na nani?" "Ni kweli haruhusiwi hata kuongea?" Mzee mmoja muuza kahawa, ambaye ametuona tukikua, alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama dadangu alivunjwa moyo na mwanamume. Nilicheka. Baadaye nikakumbuka kwamba hata mimi, siku alipotuambia nia yake, swali langu la kwanza lilikuwa hilo hilo.

Dadangu ni mtawa wa ndani. Yuko katika monasteri ya Wakarmeli huko bara, na mwaka huu anatimiza miaka kumi tangu aingie. Sitaitaja monasteri yenyewe kwa sababu wenyewe hawapendi makuu. Ninaandika haya kwa kuwa majibu yanayozunguka mtaani mengi ni ya kubuni, mengine yametoka kwenye filamu, na mamangu amechoka kuyasahihisha.

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo watu wengi, Wakatoliki wakiwemo, huyachanganya. Masista tunaowaona Mombasa wakipanda matatu, wakifundisha shule, wakiendesha zahanati na vituo vya watoto, ni watawa ambao kazi yao iko nje kati ya watu. Mtawa wa ndani huweka nadhiri zile zile tatu za ufukara, useja na utii, lakini kazi yake ni sala, na sala hiyo huifanyia mahali pamoja maisha yake yote. Mahali hapo panaitwa ugo, yaani boma ambalo watawa hawatoki ovyo na wageni hawaingii ovyo. Wakarmeli ni wa namna hiyo, na Waklara pia, waliotokana na Mtakatifu Klara wa Assisi katika karne ya 13. Kwa hiyo mtu akiniambia "dadako ni sista kama yule anayefundisha wanangu," huwa namwambia la, ni jamaa moja lakini kazi mbalimbali.

Aliyenisaidia zaidi kuelewa jambo hili si padri. Ni jirani yetu Muislamu, mama mtu mzima ambaye sisi sote tunamwita Bi Mkubwa. Siku moja, mamangu akilia jikoni, Bi Mkubwa alisema, "Kwani mwaona ajabu gani? Huyo katawa, hakufungwa." Akatueleza kwamba zamani, Mji wa Kale, kutawa lilikuwa neno la kawaida. Mwanamke akikaa ndani kwa heshima na ibada, asionekane ovyo barabarani, aliambiwa ametawa. Nilikuwa nimesema "mtawa" maisha yangu yote kanisani bila kujua kwamba neno lenyewe lina mizizi kwenye nyumba za mawe za Waswahili. Bi Mkubwa akaongeza kwamba hata yeye alikaa eda alipofiwa, miezi minne na siku kumi, na hakuna aliyesema amefungwa.

Nilimjibu kwamba eda ina mwisho. Akatikisa kichwa akasema, "Hapo ndipo penye uzito." Kuna tofauti nyingine ambayo niliiona baadaye. Wanawake wengi wa zamani walitawishwa, na wazazi au na waume. Dadangu alijitakia mwenyewe, sote tukimpinga.

Ukuta huu una historia yake. Wakarmeli wa aina ya dadangu wanafuata mageuzi ya Mtakatifu Teresa wa Ávila, mwanamke wa Hispania aliyeanzisha nyumba ndogo ya Mtakatifu Yosefu mjini Ávila mwaka 1562. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa miaka mingi katika monasteri kubwa ambako watawa walikuwa wengi mno, wageni waliingia na kutoka, na binti wa tajiri aliishi vizuri kuliko binti wa maskini humo humo ndani. Teresa alitaka nyumba ndogo, maskini, zenye ukimya, ambamo wote ni sawa. Mwanzoni alifikiria watawa 13, baadaye idadi ikawekwa isizidi 21. Kwa hiyo ukuta, kwa mawazo yake, haukuwa wa kuwazuia wanawake wasitoroke. Ulikuwa wa kuwazuia wageni, umbeya na tofauti za mali visiingie. Mkuu wa nyumba, anayeitwa Mama Priora, huchaguliwa kwa kura na watawa wenyewe kila baada ya miaka mitatu. Mjombangu, ambaye ni mwanasiasa wa kijijini, aliposikia hivyo alisema wametushinda.

Siku yao dadangu ametusimulia mara nyingi, na mamangu anaijua kwa moyo. Kengele hulia saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Wanakusanyika kwa Masifu ya Asubuhi, kisha saa nzima ya sala ya kimya, kila mtu na Mungu wake bila kitabu wala wimbo, kisha Misa. Baada ya chai ni kazi. Mchana kuna sala tena, chakula, na mapumziko ambapo wote hukaa pamoja, wanashona huku wakipiga soga na kucheka. Jioni saa ya pili ya sala ya kimya, Masifu ya Jioni, chakula chepesi, mapumziko tena, halafu sala ya mwisho ya siku. Baada ya hapo hakuna kuongea mpaka asubuhi. Zaburi zote wanazozisali zimepangwa katika mzunguko wa wiki nne, na mzunguko ukiisha wanaanza upya. Dadangu husema mwaka wa kwanza zaburi zilimchosha, mwaka wa tatu alizizoea, na sasa kuna siku neno moja alilolisema mara mia linamsimamisha kama mtu aliyeitwa jina lake.

Kwa hiyo kuongea wanaongea. Mchana wakiwa kazini husema yale ya lazima tu, na mapumziko mara mbili kwa siku ni ya mazungumzo. Nyama hawali isipokuwa mgonjwa. Kuanzia tarehe 14 Septemba, sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, mpaka Pasaka, huwa na mfungo wao, tofauti na Kwaresima tunayoijua sisi ya siku 40. Samaki wanaruhusiwa, na hilo nitalirudia.

Hawaishi kwa sala tupu. Dadangu na wenzake wanaoka hostia, ile mikate myembamba ya Misa. Unga ni wa ngano peke yake na maji, bila chachu, bila chumvi. Uji wake humiminwa juu ya bamba la chuma lenye moto, likafunikwa na bamba la pili, ukatoka mkate mpana mwembamba kama karatasi. Ukikatwa ukiwa mkavu unavunjika, kwa hiyo huachwa kwanza unywe unyevu kidogo hewani ndipo ukatwe kwa mashine vipande vya mviringo. Wanashona pia mavazi ya mapadri, wanalima mboga na kufuga kuku. Wageni wakileta kitu hawamkabidhi mtu mkononi: ukutani kuna kabati la mbao linalozunguka. Unaweka mzigo wako upande wako, unalisukuma, nao wanautoa upande wao. Mara ya kwanza mamangu alilizungusha kabati lile mara tatu nzima akitumaini ataona uso.

Hospitali huenda. Kupiga kura huenda. Hapo ndipo wengi hushangaa, lakini Kanisa linajua kwamba mtawa bado ni raia na bado ana mwili unaougua. Dadangu ana kitambulisho chake na amejiandikisha kupiga kura kama mimi.

Swali linalobaki ndilo gumu, na babangu ndiye aliyeliuliza kuliko wote: faida yake ni nini?

Babangu alifanya kazi bandarini zaidi ya miaka 20. Alikuwa Mtaita wa Bura, mahali ambapo ukatoliki una mizizi ya zaidi ya miaka mia moja, na mapadri aliwaheshimu sana. Masista wa hospitali aliwaelewa. Lakini binti aliyesomeshwa, mwenye diploma ya uhasibu na kazi kwenye sacco, aache yote akaimbe zaburi nyuma ya ukuta? "Mgonjwa haponyeshwi na wimbo," alisema. Yeye alikuwa na kisukari, na dawa zake zilikuwa zikinunuliwa kwa mshahara wa dadangu.

Nataka niseme ukweli hapa, kwa sababu makala za kusifu utawa huwa zinaruka sehemu hii. Alipoingia, ule mshahara ulikwisha. Mtawa wa ndani hana pesa zake. Katika miaka ya mwanzo anakabidhi usimamizi wa mali yake kwa mtu mwingine, na kabla ya nadhiri za daima anaachana na umiliki kabisa. Hawezi kutuma hata shilingi mia mbili kwa simu. Dawa za baba zikabaki juu yangu, na karo ya mdogo wetu wa mwisho pia. Nilimkasirikia miaka minne. Kila mwisho wa mwezi nikilipa duka la dawa nilikuwa namwona akiwa ameketi kwenye kivuli anaimba. Rafiki yangu mmoja aliniuliza kama ningekasirika vivyo hivyo angeolewa Ulaya akaacha kututumia pesa. Sikuwa na jibu, lakini hasira haikuondoka kwa sababu hiyo.

Jibu la Kanisa kwa swali la babangu ni hili. Wakatoliki wanaamini kwamba sala ni kazi inayowafikia watu ambao anayesali hatawaona kamwe. Mwaka 1927 Papa alimtangaza Thérèse wa Lisieux kuwa msimamizi wa misioni zote, sawa na Francis Xavier. Sisi wa Pwani tunapaswa kulitazama jambo hilo vizuri. Francis Xavier ni yule aliyevuka bahari mpaka India na Japani, na mwaka 1542 merikebu yake ilitia nanga Malindi. Thérèse aliingia Karmeli mwaka 1888 akiwa na miaka 15, baada ya kwenda mpaka Roma kumsihi Papa amruhusu, na hakutoka tena mpaka alipofariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24. Mmoja alizunguka nusu ya dunia, mwingine hakuvuka ukuta wa bustani, na Kanisa likawaweka kwenye kazi moja. Ukiamini, hilo ni jibu. Usipoamini, si jibu. Babangu, Mkatoliki wa Jumapili zote, alisema ni jibu nusu.

Wazazi wengine wenye binti mwenye nia kama hii huniuliza kama mlango ukishafungwa umefungwa. La, na ni vyema mjue taratibu. Hatua ni nyingi na ni za polepole. Kuna mwaka wa kufahamiana, kuna mwaka wa upostulanti, kuna miaka miwili ya unovisi anapovaa shela nyeupe, kisha nadhiri za muda kwa miaka isiyopungua mitano. Kwa maagizo ya Vatican ya mwaka 2018, malezi yote hayapungui miaka tisa wala hayazidi 12. Muda huo wote anaweza kuondoka. Aliye novisi huondoka wakati wowote, na aliye na nadhiri za muda zikiisha anaweza kwenda zake bila aibu. Wawili walioingia karibu na dadangu waliondoka, mmoja ameolewa na ana mtoto. Hata baada ya nadhiri za daima inawezekana kuomba kuondolewa nadhiri, ila ombi hilo linakwenda Roma. Aliye chini ya miaka 17 hapokelewi unovisi, wala mwenye ndoa, na aliyeingia kwa kulazimishwa au kudanganywa, kuingia kwake ni batili.

Na hili nawaambia kwa mkazo, kwa sababu Pwani tunajua uchungu wa mabinti wanaosafirishwa kwa ahadi. Monasteri nyingi za Ulaya zimebaki na watawa wachache wazee. Mwaka 2016 Papa Francis aliandika waziwazi kwamba kuwaita wasichana kutoka nchi nyingine kwa lengo tu la kuiokoa monasteri isife ni jambo la kuepukwa kabisa. Kwa hiyo mtu akija na barua ya monasteri ya ng'ambo, anataka pasipoti ya mwanao kabla hata hajakaa naye mwaka mmoja, nendeni kwa paroko na kwa ofisi ya jimbo muulize. Wito wa kweli haukimbizwi.

Babangu alifariki dadangu akiwa katika mwaka wa sita. Tulimzika Bura. Watu walikuja kutoka Voi, Wundanyi, Mombasa, hata wafanyakazi wenzake wa zamani walikodi basi. Dadangu hakuja. Monasteri ilileta barua na nia ya Misa. Matangani shangazi yangu alisimama mbele ya watu wote akasema kwamba Mungu anayemkataza mtoto kumwaga udongo juu ya babake yeye hamjui. Hakuna aliyemjibu. Mimi niliinamisha uso, na kusema kweli nilikuwa upande wake.

Miezi mitatu baadaye nilikwenda kumwona peke yangu. Chumba cha wageni kimegawanywa na kizuizi cha nondo nyembamba, yeye upande wake na kiti chake, mimi upande wangu na changu. Nilimuuliza bila kuzunguka. Nilikuwa nimejitayarisha kusikia kwamba alikatazwa, nipate wa kumlaumu.

"Dada, sikukatazwa," aliniambia. "Mama Priora aliniambia ninaweza kwenda, na angenipa mtawa wa kunisindikiza. Nikakaa usiku mzima kanisani. Nikaona nikija nitakuja kwa ajili ya macho ya watu. Baba nilikuwa nimeshamuaga hapa hapa, mara ya mwisho mlipokuja." Akanyamaza. Kisha akasema, "Lakini sijui kama niliamua vyema. Kuna siku nadhani nilikosea."

Nilitarajia maneno ya mtakatifu nikapata ya dadangu. Aliniambia pia kwamba tangu aingie, kila siku wakati wa ile saa ya kimya ya jioni, anawataja kwa majina watu wanaonunua dawa ambazo hawawezi kuzimudu, na mimi niko wa kwanza kwenye orodha. Sikumwambia kwamba nilikuwa na hasira. Nafikiri alijua. Shangazi mpaka leo hajaenda kumwona.

Mwaka jana aliweka nadhiri za daima. Tulipanda treni ya SGR watu 14, Bi Mkubwa akiwemo kwa sababu alisema katawa yule ni mtoto wake pia. Dadangu alivaa shela nyeusi kwa mara ya kwanza, na joho lile la rangi ya maziwa juu ya vazi la kahawia. Alilala kifudifudi sakafuni wakati litania ya watakatifu ikiimbwa, na mamangu akanishika mkono kwa nguvu kiasi cha kuniumiza. Baada ya Misa wakaturuhusu kuzungumza naye kwa zamu, kila mtu dakika zake.

Mamangu alikuwa amebeba mzigo wake wa kawaida: maembe ya ngowe na furushi la ng'onda. Alishajifunza kwamba nyama haiingii lakini samaki anaingia, na ng'onda hawaoni huko bara. Tangu Mombasa mpaka kule, behewa zima lilikuwa limejaa harufu ile, na kijana mmoja alihama kiti. Pale mapokezi mama aliweka furushi kwenye kabati la mbao akalisukuma. Safari hii hakulizungusha tena na tena. Alisukuma mara moja, akangoja, na kutoka upande wa pili tukasikia sauti ya dadangu akiwaambia wenzake kwa furaha, "Fungueni madirisha, mamangu amefika!"